Ngome Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Dativa aliwakaanga wale senene kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote baadaye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili jioni, na jua la Stockholm bado lilikuwa juu kana kwamba ni saa tisa. Jikoni kwao, ghorofa ya nne katika mtaa wa wahamiaji wa Tensta, alikuwa amefungua dirisha ili harufu isiwasumbue majirani, akawa anawageuza senene taratibu kwenye kikaango, bila mafuta, maana panzi hawa wa Kihaya wana mafuta yao wenyewe. Walikuwa wamekuja kutoka Bukoba tangu Desemba, ndani ya sanduku la jirani yao Evodius aliporudi kutoka likizo, na Dativa akawaweka kwenye friza wakisubiri siku kubwa. Sasa aliona siku kubwa imefika. Kesho yake mjukuu wake Gladness, msichana wa miaka kumi na tisa, angecheza mchezo wa mwisho wa mashindano ya taifa ya sataranji ya wanawake. Alikuwa sawa kwa pointi na binti mmoja wa Uppsala, na wengine wote walikuwa nyuma yao. Akishinda angeweza kuwa bingwa wa Sweden nzima.

"Mama, usiwaweke wote hapa," alisema mwanawe Deo, akichungulia kikaango. Deo ndiye baba yake Gladness. Alikuwa dereva wa basi na mwenyekiti wa umoja wa Watanzania, mtu wa watu, simu yake haikai kimya. "Gawanya. Nusu mpelekee Nyambura."

"Nyambura yupi? Huyu anayecheza na mtoto kesho?"

"Huyo huyo. Si wewe uliyesema amekutendea wema?"

Ni kweli alikuwa amesema. Siku ya kwanza ya mashindano, Dativa alikuwa amekalia kiti cha plastiki kando ya kamba ya watazamaji, na kila alipotaka kusimama ilimbidi ashike ukuta. Nyambura, Mkenya wa miaka thelathini na sita, alikuwa na kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao kule Skärholmen, na labda ndiyo maana aliona ambacho wengine hawakukiona. Dakika tano kabla ya kuanza mchezo wake mwenyewe alitoka hadi kwenye korido, akarudi amebeba kiti chenye mikono.

"Keti hapa, Shosho," alisema, akimwita bibi kwa neno la kwao Kenya. "Hiki kitakusaidia kuinuka."

Mtu mwenye mchezo wa taifa kichwani, akakumbuka magoti ya mwanamke asiyemjua. Dativa alikuwa amelieleza jambo hilo nyumbani mara tatu, na mara zote Deo alikuwa ameitikia akiangalia simu. Kumbe alikuwa akisikia. Moyo wake ukamfurahia mwanawe. Akawajaza senene kwenye ndoo safi ya aiskrimu, akafunika vizuri, akavaa viatu.

Deo alimpeleka kwa gari mpaka Skärholmen lakini hakushuka. Alisema hakuna pa kuegesha, ingawa nafasi zilikuwa tele. Dativa akapanda lifti peke yake.

Nyambura alifungua mlango akiwa amefunga kitambaa kichwani na kalamu mkononi. Nyuma yake, mezani, palikuwa na ubao wa sataranji na daftari. Alimtazama Dativa, akaitazama ile ndoo, na uso wake ukabadilika.

"Hata wewe, Shosho?" alisema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nini, mwanangu? Sikuja kukaa. Nimekuletea senene. Najua kwenu Nyeri hamli, lakini jaribu mmoja tu, usimwangalie machoni. Ukiwapasha moto usitie mafuta, na usifunike, watalegea. Ni kwa ajili ya kile kiti."

Nyambura alichomeka kalamu kwenye kitambaa. Kisha akafungua ndoo, akachukua mmoja, akamtafuna pole pole na kummeza kwa heshima, huku macho yakimtoka maji. Dativa alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akashuka na lifti akiwa bado anacheka, na njiani kurudi alimwambia Deo kwamba yule mwanamke ana malezi.

"Nilijua atawapokea," alisema Deo.

*

Jumapili ukumbi wa mikutano pale Kista ulijaa mapema. Meza zilipangwa kwa safu, kila meza na saa yake, na mbele palikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha kila mchezo. Hairuhusiwi kuongea. Kinachosikika ni viti, kikohozi, na saa zikigongwa.

Dativa hakuwa mtaalamu, lakini hakuwa mgeni pia. Gladness alipokuwa na miaka minane na hana wa kucheza naye, mama yake Domina akiwa zamu za hospitali na Deo yuko barabarani, ni bibi yake aliyeketi upande wa pili wa ubao. Alijifunza kila kitu kinavyotembea: farasi anaruka kona, ngome inakwenda moja kwa moja, askari hana njia ya kurudi. Alipigwa michezo mia kwa mia na hakuchoka. Kwa hiyo, akiangalia skrini, aliweza kujua kitu kimetolewa bure. Kwa nini kimetolewa, hapo alikuwa anawaachia wenyewe.

Gladness na Nyambura walishikana mikono, wakakaa. Nyambura hakumtazama mtoto usoni. Dativa akadhani ni hofu. Alikuwa na sababu ya kuogopa, maana Gladness mwenyewe alikuwa amemweleza wakati wa chai ya asubuhi: watano wa kwanza wataingia timu ya taifa, na Nyambura yuko wa tano. Akipata hata sare anaingia. Akifungwa anatoka. Alikuwa amejaribu miaka minne mfululizo.

"Kwa hiyo atacheza kufa na kupona," Gladness alikuwa amesema kwa Kiswidi, akipaka siagi mkate, na macho yake yaling'aa kwa furaha. Alitaka hivyo hivyo.

Baada ya saa moja na nusu koo la Dativa lilikauka, akatoka kwenda kwenye meza za kahawa nje ya ukumbi. Hapo akamkuta Kiptoo, mume wake Nyambura, mtu mrefu mwenye sauti ya kicheko.

"Shikamoo, Mama! Si ndivyo mnavyosema nyinyi Watanzania?"

"Marahaba, baba. Umejifunza."

"Nimejifunza mengi." Alimmiminia chai, akamwekea sukari bila kuuliza, akamsogelea. "Sasa usiwe na wasi, Mama. Yule binti wa Uppsala ametoa sare mapema, nimetoka kuona. Kwa hivyo Gladness akishinda ni yeye. Na mambo iko sawa."

"Mambo gani?"

"Haya ya leo. Tuliongea na Deo Ijumaa, tukamaliza. Nyambura alikuwa amekataa kabisa, weh! Jumamosi mchana tumegombana. Lakini ulipokuja wewe mwenyewe, na miguu yako hiyo, na zile senene, akanyamaza. Nani atamkatalia shosho?"

Alisema hivyo kwa tabasamu, kama mtu anayempongeza.

Dativa alikuwa ameshainua kikombe. Alikirudisha mezani. Alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni mpaka kooni, kitu cha mafuta mafuta, na harufu ya senene ikamjia puani kana kwamba kikaango kipo mbele yake. Sasa alielewa "hata wewe" ya jana mlangoni. Mwanamke yule alikuwa amewakatalia wanaume wawili, halafu akafungua mlango akamkuta bibi mwenye ndoo.

"Mama, uko sawa?"

"Deo yuko wapi?"

Deo alikuwa upande wa pili, karibu na dirisha, anakula soseji iliyofungwa kwenye mkate. Alipomwona mama yake alimkonyeza.

"Ijumaa ulikwenda kwa Kiptoo kusema nini?" aliuliza Dativa.

Deo aliendelea kutafuna. "Kwani nani amekwambia?"

"Nimekuuliza mimi."

"Mama, punguza sauti. Si jambo la kuvimbishwa. Waswidi hawa wana vilabu vyao, wana makocha, babu zao walicheza. Sisi huku tuna nini? Tuna sisi kwa sisi. Mama yake Kiptoo alipofariki hapa akiwa mgeni, nani alizunguka naye ofisi zote mpaka jeneza likafika Eldoret? Mimi. Niliacha kazi siku sita. Sasa na mimi nina siku yangu."

"Ule ulikuwa msiba, Deo."

"Na hii ni furaha. Watu wanasaidiana kwa vyote viwili."

"Nyambura anatoka kwenye timu akifungwa."

"Ataingia mwakani." Haradali ilikuwa imemchuruzika kidoleni. Aliilamba. "Halafu fikiria, Mama. Mtoto wa Tensta, mtoto wa Kihaya, bingwa wa Sweden! Jina la marehemu baba litakuwa gazetini."

Dativa alikuwa amemlea mtu huyu. Alikuwa amemfuta kamasi kwa kidole, amemsafisha matapishi, amemkamua jipu la paja lililonuka nyumba nzima, na kwa hayo yote hajawahi hata siku moja kuona kinyaa. Leo, kwa tone la haradali kwenye mdomo wa mwanamume wa miaka hamsini, alishindwa kumtazama.

"Na mimi ukanituma," alisema. "Ukakaa garini."

"Ningepanda mimi ingeonekana vibaya."

Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama anayeeleza kwa nini basi halisimami kituo fulani. Dativa akageuka, akaelekea msalani.

Alifungulia maji ya moto na kunawa mikono. Alinawa mara ya pili. Sabuni yao ilikuwa na harufu ya maua ambayo haikusaidia kitu. Alikuwa ananawa mara ya tatu mlango ulipofunguliwa na Gladness akaingia, uso umemshuka, nywele zimetimka upande mmoja kama kawaida yake anapofikiri sana.

"Farmor," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa lugha ya shuleni kwao, mama wa baba. "Nyambura anaumwa?"

"Siruhusiwi kuzungumza na wewe kuhusu mchezo. Na wewe huruhusiwi."

"Ameweka ngome yake mbele ya farasi wangu. Bure kabisa. Hata mtoto wa miaka sita haweki pale. Na mkono ulikuwa unamtetemeka." Alikuwa anasema Kiswidi haraka haraka, kisha akasimama, akavuta pumzi, akaendelea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Bibi, mimi siulizi mchezo. Mimi nauliza baba. Baba amefanya nini? Asubuhi alikuwa anacheka sana."

Dativa alifunga bomba. Angeweza kusema hajui. Angesema hivyo, mtoto angerudi, angechukua ngome, na jioni Tensta nzima ingepiga vigelegele. Na Gladness angeishi na ubingwa huo, akiupiga picha, akiuweka ukutani, na kila akiutazama bibi yake angekuwa anatazama pembeni. Aliona itakuwa sawa na kumlisha mtoto chakula ulichookota jalalani huku unamwambia kimetoka sokoni.

Akamwambia. Hakupunguza na hakuongeza. Alimwambia juu ya Ijumaa, juu ya msiba wa Eldoret, juu ya ndoo. Sehemu yake mwenyewe aliisema mwisho.

Gladness alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa vigae. Hakulia. Alikunja midomo kama mtu aliyeng'ata kitu kilichooza, akatazama sinki kama anayefikiria kutema.

"Mchezo safi," alisema, "hata mchezo safi tu baba hawezi kunipa."

Akatoka.

*

Dativa alirudi kwenye kiti chake. Mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa amekaa jirani, mwenye sweta la kijani, alivuta miguu yake ili apite vizuri na kumwonyesha skrini kwa kidole. "Ajabu," alinong'ona kwa lugha yake. "Kwa nini hachukui?"

Ngome ya Nyambura ilikuwa bado pale pale. Farasi wa Gladness alikuwa akiitazama. Gladness alikaa, akavuta kiti, akaweka mkono juu ya ubao. Hakumgusa farasi. Alimchukua mfalme wake, akamsogeza hatua moja pembeni, mahali pasipo na maana, akagonga saa.

Nyambura aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi walitazamana.

Nyambura akasukuma askari wa pembeni. Ngome akaiacha palepale, akasubiri ichukuliwe. Gladness akamrudisha mfalme alipotoka. Akagonga saa.

Minong'ono ikaanza. Mwamuzi, mwanamke mwembamba mwenye beji kifuani, alisogea akasimama nyuma yao mikono mgongoni. Hakuna kanuni inayosema lazima mtu achukue kitu. Wanawake wale wawili walikuwa wamekaa pale kama wageni wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama, wewe kula, hapana wewe, isipokuwa nyama yenyewe ilikuwa imenuka na wote wawili walijua. Ukumbi mzima ulikuwa unaitazama ile ngome. Dativa aliona shingo ya Nyambura ikilowa jasho. Aliona pia Deo, kule nyuma kwenye kamba, akimfanyia bintiye ishara kwa kidevu: chukua, chukua. Dativa akafumba macho.

Alipofumbua, Nyambura alikuwa amefunika uso kwa viganja. Alikaa hivyo muda mrefu saa yake ikikimbia. Kisha akashusha mikono, akavuta kiti mbele, akaishika ngome yake na kuirudisha nyuma, nyumbani, mahali salama. Akagonga saa kwa nguvu mpaka mzee wa sweta la kijani akashtuka.

"Haya," alisema mzee. "Sasa wameanza."

Wakaanza kweli. Nyambura huyu hakuwa yule wa asubuhi. Alikaa ameinama mbele, viwiko mezani, na kila alipogusa kitu hakutetemeka tena. Gladness alikuwa amepoteza hatua mbili kwa kumtembeza mfalme bure, na hatua mbili kwa watu kama wale ni nyingi. Sare ingemwacha sawa tu na yule binti wa Uppsala, kwa hiyo alishambulia. Alitoa farasi kwa askari wawili, akafungua njia, akampeleka malkia mbele. Kwa nusu saa Dativa alisahau kichefuchefu. Alimwona mjukuu wake amepinda kichwa vile vile kama alipokuwa na miaka minane, ulimi umetokeza kwenye kona ya mdomo. Kulikuwa na dakika moja ambapo mzee wa sweta la kijani alishika goti lake mwenyewe na kusema, "Anaweza! Anaweza!"

Kisha Nyambura akaipata hatua moja, ndogo, ya ile ile ngome, na milango yote ikafungwa.

Gladness alitazama ubao dakika sita. Akanyoosha mkono, amekubali kushindwa.

Walishikana, safari hii hawakuachiana upesi. Nyambura alisema kitu, Gladness akatikisa kichwa, kisha wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kibaya cha watu waliotoka kutapika pamoja.

*

Deo aliwakuta kwenye korido kabla hata hawajasaini karatasi za matokeo.

"Nyambura! Ndiyo shukrani hiyo? Baada ya yote niliyowafanyia?"

"Mimi nilitoa, Deo," alisema Nyambura. Alikuwa amechoka, sauti haina ukali. "Mbele ya watu wote nilitoa, na Mungu anisamehe. Mtoto wako ndiye hakutaka kupokea. Muulize yeye."

"Twende, twende," alisema Kiptoo, akimvuta mkewe mkono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko. Lakini Nyambura alijitoa, akamwendea Dativa.

"Nisamehe, mwanangu," Dativa alimwahi. "Sikujua nilichobeba."

"Najua, Shosho. Nilijua ulipoanza kunieleza nisifunike." Akamshika mabega. "Anayejua alichotumwa hanifundishi kupasha moto. Lakini wema wako ndio uliozidi kunifunga."

Kulikuwa na watu wa kuonea kinyaa mahali pale, na Dativa alijihesabu miongoni mwao, lakini mwanamke huyu alikuwa amemtoa kwenye hesabu hiyo bila kuombwa, akiwa na jasho bado shingoni. Kisha mwamuzi akamwita Nyambura kwa habari ya timu ya taifa, akaenda.

Nje jua lilikuwa kali. Wafanyakazi wa usafi walikuwa wanamwaga maji uwanjani mbele ya kituo cha treni, na watoto walipita na aiskrimu. Gladness alikuwa amekaa kwenye benchi na begi miguuni. Deo alisimama hatua kumi mbali, akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Mwambie aingie garini, Mama," alisema. "Wewe anakusikiliza."

"Hapandi gari lako mpaka umwambie ulichofanya. Kwa mdomo wako. Na mimi nimekaa hapa."

"Si umeshamwambia wewe?"

"Yangu nimesema. Sasa sema yako."

Dativa alikaa benchi kando ya mjukuu wake. Deo alitazama huku na huku, akaona hakuna anayejua Kiswahili karibu, akasogea.

"Mwanangu, unajua sisi huku ugenini tunaishi kwa kusaidiana..."

"Anza tena," alisema Dativa.

"Mama!"

"Anza tena."

Deo alipangusa paji la uso. "Kiptoo ndiye aliyesema kwamba kama kuna namna yoyote..."

"Kiptoo hayupo hapa. Anza tena."

Hakupandisha sauti. Alikuwa na subira ile ile aliyokuwa nayo jikoni, ya kugeuza na kugeuza mpaka kitu kiive, ila safari hii hakukuwa na upole ndani yake. Gladness alikuwa akimtazama baba yake bila kupepesa.

"Nilizungumza na Nyambura na mumewe kuhusu mchezo wako. Basi. Nilizungumza tu, mtu anazungumza..."

"Ulizungumza nini? Anza tena, Deo. Mimi sina haraka. Treni zipo mpaka usiku."

Funguo ziliacha kuzunguka. Treni moja iliingia kituoni, watu wakashuka, wakatawanyika, uwanja ukawa mtupu tena. Deo alizitia funguo mfukoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimwomba Nyambura afungwe kwa makusudi," alisema. "Na bibi yako nilimtuma bila kumwambia, ili Nyambura ashindwe kukataa."

Dativa hakusema aanze tena.

"Kwa nini?" aliuliza Gladness kwa Kiswahili.

"Kwa sababu nakupenda."

"Hapana. Kwa nini?"

Deo alitazama viatu vyake. Hakuna aliyemsaidia.

"Sikuamini kwamba ungeweza," alisema.

Gladness alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa hatua aliyokuwa akiitafuta ubaoni. Alisimama, akavaa begi.

"Ningeweza," alisema. Akafikiri kidogo, kwa maana alikuwa mkweli hata kwa hili. "Labda. Leo tulikuwa tunakaribia kujua."

Akambusu bibi yake shavuni, akavuka uwanja, akateremka kwenda kwenye treni bila kugeuka.

Deo alikaa mahali alipotoka bintiye. Alianza kulia, kilio cha mwanamume mnene kisicho na sauti, mabega tu. Dativa aliliona chozi likishuka kando ya pua, akakumbuka kwamba ana leso mkobani, imekunjwa vizuri, ya kitambaa safi. Mkono wake ulishafika kwenye zipu. Akaurudisha pajani, akaushika kwa mkono wa pili.

Deo akainamisha kichwa akitaka kukilaza begani kwake, kama alivyozoea tangu alipokuwa mtoto.

Dativa alisogea kidogo, bega likabaki mbali naye.

"Bado," alimwambia, na hakuondoka.